Ua Moja, Jina Moja
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama na wageni, Mhezi, katika sherehe za kutimiza miaka 10



Hesabu za mazao na za fedha zimekwisha kusomwa na Bwana Mweka Hazina, nasi hatutazirudia. Halmashauri imetupa kazi nyingine, nayo ni kueleza jambo ambalo ninyi wenyewe mtalipigia kura katika Mkutano Mkuu ujao.

Jambo lenyewe ni hili. Kina mama wanachama wanaoshona nguo za watoto wachanga wameomba mambo mawili. La kwanza, Chama kitoe fedha ya kuchapisha kitambaa chenye michoro yao wenyewe. La pili, nguo hizo ziuzwe zikiwa na alama ya Chama. Baadhi ya wanachama wameuliza: Wakulima wa kahawa na tangawizi wana shughuli gani na nguo za watoto?

Swali hili ni halali, wala halifai kudharauliwa, kwa kuwa fedha inayoombwa ni jasho la wanachama. Tena kinachoombwa si fedha tu. Kinachoombwa hasa ni jina. Fedha ikipotea yaweza kutafutwa tena msimu ujao. Lakini jina likichafuka, huchafuka kwa kahawa, kwa tangawizi na kwa nguo pamoja. Ndiyo sababu twaomba mtusikilize kwa utulivu, ili siku ya kura kila mmoja ajue analolikubali au analolikataa.

Wazee walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli, ila ina sharti lake: mnunuzi sharti aweze kukitambua hicho chema atakapokutana nacho mara ya pili. Sisi wakulima twalijua neno hili tangu zamani. Mwaka 1933 jirani zetu wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kahawa ya mashamba mengi madogo ilianza kuuzwa chini ya jina moja. Mkulima mwenye miti michache hawezi kujulikana na mnunuzi wa ng'ambo, lakini jina la wengi laweza. Kahawa hutambulikana kwa daraja na kwa ladha. Nguo hutambulikana kwa macho, kabla mkono haujaigusa, na kitu cha kwanza ambacho macho huona katika nguo ni rangi na mchoro wake.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ushahidi tumeuvaa, maana twaona hapa kina mama wengi waliojifunga kanga. Kanga ilianza katika pwani yetu katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati wanawake walipounganisha leso zilizochapwa maua wakapata nguo moja pana. Jina la leso lenyewe latokana na Kireno. Na jina la kanga lasemwa kuwa lilitokana na madoadoa ya ndege aitwaye kanga. Hata leo kanga ina mpango wake usiobadilika: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na maneno yake chini. Maua hubadilika kila mwaka, maneno hubadilika kila mwezi, lakini mtu akiiona kwa mbali hulijua vazi hilo na kulitaja kwa jina lake. Na iko kanga moja ambayo hata maua yake hayakubadilika, nayo ni kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Vizazi vimepita, na bibi harusi wa pwani bado hufungwa kisutu.

Mjini Mombasa alikuwapo mfanya biashara aliyeitwa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kwa jina la Abdulla. Nyumba yake ya biashara ilianza mwaka 1887. Yasemwa kwamba yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya kuandika maneno ya Kiswahili katika kanga. Lakini lililo la faida kwetu leo ni jambo jingine alilolifanya: kanga zake zilichapwa alama yake, K.H.E., pamoja na maneno Mali ya Abdulla. Mnunuzi hakuhitaji kumjua Abdulla wala kufika dukani kwake. Aliitazama nguo, akaona alama, akajua atapata kitambaa kile kile alichokipata mara iliyopita. Kanga nyingi za zamani zilichapwa ng'ambo na kuletwa kwa meli, nazo zikaitwa mali ya mtu wa Mombasa. Hapo twajifunza kwamba mwenye mchoro na alama ndiye mwenye jina, hata kama mashine ya kuchapia si yake.

Funzo hilo lina upande wa pili ulio mchungu. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, nalo likawa na nguvu sana katika biashara ya pamba. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba ya nchi yetu imekuwa ikisafirishwa nje ikiwa nyuzi tupu, nayo ikirudi huwa nguo yenye jina la mtu mwingine. Serikali ilijitahidi kuliondoa jambo hilo kwa kujenga viwanda. Kile cha Urafiki, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China kikafunguliwa mwaka 1968, na kanga zake zilivaliwa nchi nzima. Basi kina mama wa Mhezi hawaombi jambo geni. Wanaomba kwamba safari hii nguo itoke ikiwa na jina letu.

Sasa tuje kwa watoto wenyewe. Je, mchoro wa kuchapwa waweza kweli kulijenga jina la nguo za watoto wachanga? Tutazame nchi ya Sweden. Iko kampuni ya nguo za watoto iitwayo Polarn O. Pyret. Mwaka 1976 mchoraji Gunila Axén aliichorea mistari iliyo sahili kabisa, nayo mistari hiyo ingali inauzwa. Rangi zimebadilishwa mara nyingi, mistari haikubadilishwa. Nguo ya mtoto wa kwanza hupewa wa pili, kisha wa jirani, na kila aivaaye hulitangaza jina lile lile. Katika nchi jirani ya Finland, kampuni ya Marimekko iliyoundwa mwaka 1951 ilianza kuchapa mwaka 1964 ua kubwa lililochorwa na Maija Isola, liitwalo Unikko. Ua hilo bado lachapwa, nalo limekuwa kama sahihi ya kampuni nzima. Tena kampuni hiyo huandika jina la mchoraji na mwaka wa mchoro katika ukingo wa kitambaa. Hawa hawakuwashinda wenzao kwa wingi wa michoro, kwa maana kila kiwanda kina michoro mingi. Walichagua mmoja wakaushikilia.

Hili, Ndugu Wanachama, ndilo neno kubwa la hotuba hii: ua moja, tena lishikiliwe kwa miaka mingi. Rangi ibadilike tukipenda, mshono ubadilike, saizi ziongezeke, lakini ua libaki. Mwenye kubadili mchoro kila msimu huanza upya kila msimu, kama mkulima ang'oaye mche kila mwaka ili autazame mizizi.

Na nguo ya mtoto mchanga ina sifa ambazo nguo ya mtu mzima haina. Kwanza, hufuliwa kila siku. Kamba ya kuanikia nguo ni duka lisilolipiwa kodi. Kila apitaye njiani huiona. Pili, hapa kwetu mtoto hubebwa mgongoni kwa mbeleko, kwa hiyo mama aendapo sokoni, kanisani au msikitini, mchoro ulio mgongoni kwake hutazamwa na wote wanaomfuata. Tatu, mtoto hukua upesi. Mwaka mmoja uzito wake huwa umekaribia mara 3 ya ule aliozaliwa nao. Nguo humbana ingali nzima, nayo hupewa mwingine. Nguo moja yaweza kulitangaza jina letu katika nyumba 3 au 4. Lakini tukumbuke kwamba mchoro ukichujuka katika nyumba ya kwanza, nyumba hizo nyingine zitatangaziwa aibu yetu.

Baada ya kuona faida, yafaa tueleze mchoro wenyewe uweje, maana si kila kipendezacho katika kanga hupendeza katika nguo ya mtoto. Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Ukiikata ili ushone vigauni vidogo, mji hukatika, pindo hupinda kwapani, na maneno yaliyokuwa na hekima hubaki nusu neno kifuani na nusu nyingine mgongoni. Kwa hiyo mchoro wetu hauna budi kuwa mdogo, unaorudiwarudiwa, ili kipande chochote kitakachokatwa kiwe na ua zima, hata kama ni kofia. Tena usiwe na juu wala chini. Mchoro wenye kichwa na miguu humlazimisha mshonaji kukata vipande vyote kuelekea upande mmoja, na kitambaa kingi huanguka chini ya meza.

Katika rangi tusiwe na tamaa. Atumiaye fremu za wavu kuchapia huhitaji fremu moja kwa kila rangi. Rangi 4 ni fremu 4, na kazi mara 4, na nafasi 4 za kukosea. Rangi 2 juu ya kitambaa cheupe zatosha. Wataalamu wa watoto watuambia kwamba mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri vitu vilivyo karibu tu, kiasi cha sentimita 20 hadi 30, na macho yake huvutwa zaidi na rangi zinazotofautiana kwa nguvu, kama nyeusi na nyeupe. Waliochapa kisutu hawakuwa na vitabu hivyo, lakini rangi zake zamfaa mtoto huyo kuliko rangi hafifu zinazopendwa katika maduka ya mijini.

Je, tuchore nini? Kina mama walileta mapendekezo manne mbele ya Halmashauri: tunda la kahawa, jani la tangawizi, kilele cha Shengena, na ndiva. Yote ni ya kwetu na yote ni mazuri. Lakini jani na kilele vina juu na chini, na tunda la kahawa limekwisha kutumiwa na wengi. Halmashauri imeielekea ndiva. Hapana haja ya kumweleza Mpare ndiva ni kitu gani, ila kwa ajili ya wageni wetu twasema hivi: ndiva ni bwawa walilolijenga wazee ili kukusanya maji usiku, nayo asubuhi hufunguliwa yakapita katika mifereji kwenda mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kabla neno ushirika halijaandikwa katika sheria yoyote, Wapare walikuwa wakishirikiana penye ndiva. Mchoro wake ni duara moja lenye mifereji 3. Mtoto wa shule aweza kuuchora, na mtu aliye hatua 20 aweza kuutambua. Neno la mwisho, hata hivyo, ni lenu.

Kuna njia ya mkato ambayo lazima tuikatae mapema. Sokoni mwaonekana nguo nyingi za watoto zenye picha za wanyama na wanasesere wa filamu za ng'ambo. Picha zile zina wenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri, na picha ya kuiba hulijenga jina la aliyeibiwa. Hata kama hatutashitakiwa, mnunuzi atakumbuka picha ile na kutusahau sisi.

Na mchoro wetu pia sharti tuulinde usiibiwe. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 yaruhusu alama kusajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Nguo huandikwa katika daraja la 25, vitambaa katika daraja la 24, nasi twashauri yote mawili, kwa kuwa mbeleko huuzwa kama kitambaa. Iko pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomlinda mchoraji. Kwa sababu hiyo, yeyote atakayetuchorea ndiva aandikiane nasi mkataba kabla ya kalamu kugusa karatasi, alipwe haki yake, na iandikwe wazi kwamba mchoro ni mali ya Chama. Ugomvi mwingi wa mashamba hutokana na mipaka isiyowekwa mawe mapema. Michoro nayo ni vivyo hivyo.

Lakini alama iliyosajiliwa bila ubora ni kibao kizuri juu ya duka tupu. Mtoto mchanga hunyonya kola ya nguo yake, hulala juu yake, na ngozi yake ni laini. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa amri ya kupiga marufuku baadhi ya rangi za azo katika nguo zinazogusa mwili, kwa kuwa zaweza kutoa kemikali zinazosababisha saratani. Basi rangi yetu inunuliwe kwa muuzaji awezaye kuonyesha hati zake, isiwe rangi yoyote ipatikanayo mnadani. Tuchague wino wa maji unaoingia katika uzi, tuepuke ule mzito unaoganda juu ya kitambaa kama gamba, ambao huzuia jasho kisha hubanduka kinywani mwa mtoto. Shingoni pasiwe na kamba, maana yaweza kumnyonga. Vifungo vishonwe kwa uimara, maana kifungo kilicholegea humezwa. Katika mambo haya ya viwango lipo Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, na katika mashine na mafunzo lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, la mwaka 1973. Tuwaendee kabla ya kuuza, tusingoje waje kutuuliza.

Wako watakaosema: Mitumba ni rahisi, mtauzia nani? Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, wala hatutaikwepa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipinga, na kufikia mwaka 2018 Tanzania ilikuwa imerudi nyuma. Rwanda iliyoendelea ilisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Kwa hiyo tusijenge nyumba yetu juu ya matumaini kwamba soko litafungwa kwa ajili yetu. Kwa bei hatutaishinda mitumba. Tutaishinda mahali pasipotafutwa bei peke yake. Mama akijifungua, jamaa na majirani huenda kumwona, na mtu hapendi kumpelekea mzazi zawadi iliyovaliwa na mtoto asiyejulikana. Zawadi hununuliwa mpya. Basi tuanze na vitu 3 tu, vikiwa katika furushi moja: mbeleko, kigauni cha kufungia mbele, na kofia nzito ya baridi ya milimani, vyote vikiwa na ndiva. Aonaye furushi lile katika nyumba ya mzazi atauliza lilikotoka, na jibu litakuwa limekwisha kuandikwa kwenye ukingo.

Halmashauri basi yapendekeza masharti matatu, na bila hayo tutawashauri mlikatae ombi hili. Kwanza, kila kitambaa kijaribiwe kabla ya kukatwa: kifuliwe mara 20, kianikwe juani, kipigwe pasi, kisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowana, rangi ikihamia katika cheupe, kitambaa chote kirudishwe. Pili, alama ya Chama isiwe mkononi mwa mshonaji. Ikae ofisini chini ya ufunguo, nayo ishonwe katika nguo baada ya mkaguzi kuikubali. Nguo iliyokataliwa isiuzwe kwa jina letu, hata kama imeshonwa na mke wa Mwenyekiti au wa Katibu. Twaikagua kahawa yetu punje kwa punje bila kumwangalia mwenye gunia usoni. Nguo nayo istahili hukumu hiyo hiyo. Tatu, mchoro utakaochaguliwa usibadilishwe kwa miaka 10 ila kwa kura ya Mkutano Mkuu.

Sharti hili la tatu limewashangaza wengine. Wamesema miaka 10 ni mingi. Sisi twaona kwamba Chama hiki chenyewe kisingalijulikana kama kingalibadili jina kila msimu mbaya ulipokuja. Imani ya mnunuzi huja polepole, kama maji ya usiku yanavyojaza ndiva. Afunguaye mapema hukuta matope.

Bwana Mwenyekiti, kina mama hawa wamebeba magunia ya Chama hiki tangu siku ya kwanza, na majina ya wengi wao hayamo katika daftari la malipo, kwa kuwa shamba huandikwa kwa jina la mume. Ombi lao ni nafasi ya kuwa na kazi yenye jina, na jina hilo liwe letu sote. Mkilikubali kwa masharti tuliyoyataja, mtakuwa mmeongeza zao la tatu lisilongoja mvua. Mkilikataa, likataeni baada ya kuitazama nguo yenyewe. Vipande vya majaribio vimewekwa mezani kando ya mlango. Viguseni, vivuteni, vifueni kama mkitaka, kisha mrudi Mkutano Mkuu na neno lenu.

Kwa niaba ya Halmashauri twawatakia nyote sikukuu njema na msimu wenye neema. Umoja ni nguvu.